Barua ya wazi kwa wakuu wa Afya House kuhusu mtaji wa mpwa wangu

Kwa Waheshimiwa,
Wizara ya Afya,
Afya House, Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

MINT: PESA ZETU KATIKA DIPLOMA YA UTABIBU

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya karo ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hapa Riruta Satellite. Kamati yetu ina daftari moja na laini moja ya M-Pesa, na nambari ya siri tunaijua wawili ili kila mmoja awe na mtu wa kumshuku. Binti alipata C+ katika KCSE, akaitwa kusomea diploma ya utabibu na upasuaji, miaka mitatu. Akifuzu ataitwa afisa wa kliniki. Mtaani watamwita daktari, tena hawatangoja afuzu. Jirani yetu mmoja ameshamletea mtoto mwenye upele.

Kazi ya mweka hazina ni kuuliza pesa zinakwenda wapi na zinarudi lini. La kwanza nimejibiwa vizuri sana, kwa barua yenye muhuri, nambari ya akaunti na tarehe ya mwisho ya kulipa. La pili nimelitafutia jibu barua nzima, nikaigeuza na nyuma, sikuliona. Ndiyo maana nawaandikia.

Nisionekane mtovu wa shukrani. Chuo cha utabibu cha serikali, KMTC, kipo tangu 1927, makao yake kando ya Hospitali ya Kenyatta, na leo kina matawi zaidi ya 70 nchini. Tangu enzi hizo serikali imejua kwamba madaktari hawatoshi na hawatatosha karibuni, na kwamba lazima apatikane mtu wa kusoma miaka michache kuliko daktari, kisha atumwe waliko wagonjwa. Hilo wazo sina neno nalo. Nchi nzima imeliegemea. Panda 46 pale Kencom, shuka Kawangware, ingia kliniki yoyote iliyobandikwa kati ya duka la dawa na kinyozi: anayekupima ni afisa wa kliniki. Bodaboda ikimwaga abiria usiku, anayemshona ni yeye. Wapo walioongeza masomo wakawa wa macho, wanaotoa mtoto wa jicho. Wapo wa nusukaputi, wanaomlaza mgonjwa kabla ya kisu. Wapo wa uzazi, wanaomtoa mtoto kwa upasuaji mama akishindwa kujifungua. Ukiwaondoa hawa siku moja, kuanzia Kangemi hadi Mutuini, itabidi watu wote waugue kwa zamu.

Kwa hiyo soko lipo. Mimi sijawahi kuona bidhaa inayohitajika hivyo ikawa na mwenye duka anayeikimbia hivyo.

Tuje kwenye hesabu. Kamati ilikaa Jumapili baada ya ibada, tukaweka kila kitu mezani: karo, malazi, sare, koti jeupe, stethoskopu, vitabu, bima, nauli za kwenda wodini kwa mafunzo, na lile fungu linaloitwa mengineyo, ambalo kila mzazi wa Kenya anajua ndilo kubwa kuliko yote. Tulikadiria Sh400,000 kwa miaka mitatu. Mkopo wa HELB tumeuweka pembeni, kwa sababu mkopo si msaada. Ni sisi wenyewe tena, tukiwa wazee kidogo.

Hapo ndipo mjumbe mmoja, mwenye pikipiki mbili zinazofanya kazi steji ya Congo, alipoinua mkono. Akasema kwa heshima kwamba kwa pesa hizo angetununulia bodaboda mbili, na chenji ya helmeti ingebaki. Bodaboda, akasema, haina miaka mitatu ya kusoma. Haina baraza la kuisajili wala leseni ya kuhudumu ya kulipiwa mwaka hadi mwaka. Unainunua asubuhi, jioni inakuletea pesa. Wazee wakatikisa vichwa. Binti, ambaye alikuwa akituletea chai, akaweka birika chini akasema, "Mjomba, hiyo bodaboda baada ya miaka mitatu ni chuma chakavu. Mimi baada ya miaka mitatu ndiyo nitakuwa naanza." Wazee wakatikisa vichwa upande wa pili.

Nilimpenda kwa jibu hilo. Ila alisema naanza, na mimi nikaenda kuulizia anaanza nini.

Waheshimiwa, anaanza kufanya kazi bure. Ninyi mnalijua hili kuliko mimi, lakini wazazi wengi hawalijui mpaka mwaka wa tatu unapokwisha, kwa hiyo niruhusuni nilieleze taratibu. Sheria ya maafisa wa kliniki ya mwaka 2017 inamtaka aliyefuzu apitie uanagenzi, mwaka mzima hospitalini, kabla ya kusajiliwa. Ni haki kabisa. Hakuna anayetaka kushonwa na mtu aliyeiona sindano kwenye kitabu. Mwaka huo mwanagenzi anaingia zamu za mchana na za usiku, anapokea wagonjwa, anaandika dawa, anakimbizana na damu. Na wengi wa hawa wa diploma hawaoni hata senti. Sheria imekumbuka kumlazimisha kufanya kazi. Kumlipa kumeachiwa Mungu na mjomba.

Ndipo nikafungua ukurasa mpya wa daftari. Chumba karibu na hospitali, chakula, nauli, sabuni ya kufulia lile koti: nikaweka Sh12,000 kwa mwezi, na nilijibana. Kwa mwaka ni Sh144,000. Yaani hesabu yetu imefika Sh544,000, na zaidi ya robo yake ni gharama ya kumtuma mtoto wetu aisaidie serikali kuendesha hospitali yake. Dada yangu ni mama mboga. Hakujua kwamba yeye ni mfadhili wa sekta ya afya. Nimemweleza, akaniuliza kama jina lake litaandikwa ukutani pamoja na ya Wamarekani na Wajapani.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Najua wanagenzi wenzake wa shahada ya udaktari walivyopata taabu. Mkataba wao wa 2017 ulisema Sh206,000 na ushei kwa mwezi. Serikali ikaja na Sh70,000, ikisema pesa hazipo. Madaktari wakagoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, siku 56, na ikabidi tungoje mpaka Desemba ya mwaka huo ndipo mkubali kulipa kile mlichotia sahihi miaka saba nyuma. Siwaonei wivu, wamekitolea jasho. Nasema tu kwamba nchi nzima ilibishana kuhusu 70,000 na 206,000 kana kwamba hizo ndizo namba pekee zilizopo, huku namba ya tatu, sufuri, imekaa kimya kwenye benchi la nyuma ikiwa imevaa koti jeupe. Maafisa wa kliniki nao waligoma mwaka huohuo. Walianza tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, wakaendelea mpaka Julai. Sijui ni nani kwenye chama chao aliyechagua tarehe hiyo, ila kama aliichagua kwa makusudi, apewe kazi ya kuandika hotuba.

Tuseme binti yetu amemaliza uanagenzi. Tuseme pia, kwa kuwa leo ni siku ya kusema mambo matamu, kwamba hakungoja kupangiwa hospitali, na hakuzunguka mji na bahasha ya kaki. Amepata kazi papo hapo katika kliniki ya mtu binafsi. Nimemuuliza mwenye kliniki mmoja wa hapa jirani angempa ngapi, akasema Sh25,000, kisha akakohoa, nikajua hata hizo ni za kunifurahisha. Hebu tuzichukue. Kwanza SHA, bima ya afya ya serikali, inachukua asilimia 2.75, yaani Sh687.50. Ada ya nyumba asilimia 1.5, Sh375. NSSF Sh1,500. Kinachofika mkononi ni Sh22,437.50. Atalipa kodi ya chumba, atakula, atapanda matatu, atamtumia mama yake kidogo kwa sababu mama hawezi kuambiwa subiri. Akiwa na nidhamu ya mtawa atabakiza Sh5,000.

Gawanya Sh544,000 kwa Sh5,000. Nimegawanya kwa kalamu, nimegawanya kwa simu. Ni miezi 109, yaani miaka tisa na mwezi. Anaingia chuoni na miaka 18, anafuzu na 21, anamaliza uanagenzi na 22, anarudisha mtaji wetu akiwa na 31. Bila riba, bila kuugua, bila kuolewa, bila kufiwa. Mwenye pikipiki aliposikia hakusema kitu. Alichukua tu chai yake akaenda kuinywea nje.

Najua mtanijibu kwamba ajira ya serikali ni bora zaidi. Ni kweli, ukiipata. Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na hili limewapa ninyi faraja kubwa. Kutoka Afya House hadi City Hall ni mwendo wa kukatiza Uhuru Park, na naamini jukumu la kuajiri hukatiza bustani hiyo kila siku, asubuhi likielekea mjini, jioni likipanda mlima. Mwenye bahasha ya kaki hulikosa kote kuwili. Akifika Barabara ya Cathedral anaambiwa afya imegatuliwa. Akishuka City Hall anaambiwa pesa hazijatoka serikali kuu.

Na mkiajiri wenyewe, tumeona. Mwaka 2020, korona ilipotubana koo, mliajiri maelfu ya wahudumu kwa kandarasi chini ya mpango wa afya kwa wote. Wakapewa makofi. Miaka mitano baadaye, 2025, zaidi ya 7,000 kati yao walikuwa bado wanadai ajira ya kudumu, na wawakilishi wao wakapiga kambi mlangoni penu, kwa miezi, si kwa siku, mpaka mpango wa kuwahamishia kaunti ulipotimia. Abiria wa 46 inapopanda Kenyatta Avenue kuingia Valley Road, Kanisa la All Saints likiwa kushoto, hawako mbali na mahali hapo. Mpwa wangu hupita hapo akitoka mjini. Nimemwambia aangalie upande wa kulia, kwenye hoteli.

Shangazi yake naye ana hadithi fupi. Yeye ni mmoja wa wale wahudumu 100,000 wa afya ya jamii ambao Rais aliwazindua Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha, cha sukari na mizani ya watoto. Malipo yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Shangazi anasema nusu hizo mbili zina tabia ya ndugu waliogombana: hazipendi kufika nyumbani pamoja.

Pia tulipewa shauri la njia ya mkato. Ukitembea Tom Mboya Street utapewa vikaratasi vya kozi za kutunza wagonjwa na wazee, miezi michache tu, vyuo viko juu ya maduka ya simu, ghorofa ambayo lifti haifiki. Hapo hakuna mtu anayekuuzia kazi ya Kawangware, unauziwa Uingereza. Lakini Uingereza yenyewe, tarehe 22 Julai 2025, ilifunga mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo. Vikaratasi vingali vinagawiwa. Na kabla ya hapo, mwaka 2021, serikali yetu ilipotia sahihi mkataba wa kuwapeleka wauguzi huko, aliyekuwa waziri wenu, Bwana Mutahi Kagwe, aliutangazia umma kwamba kati ya wauguzi 300 walioandaliwa, waliofaulu mtihani wa Kiingereza walikuwa kumi. Watu waliofundishwa uuguzi kwa Kiingereza, wakatahiniwa kwa Kiingereza, wakaandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza. Kamati yetu ililijadili hili kwa dakika chache, tukaona tusilichimbe, kwa heshima ya walimu waliokuwa kikaoni.

Kwa kuwa nimemtaja waziri, niwashukuru kwa jambo moja ambalo halisemwi. Mwanafunzi aliyeanza diploma hii Septemba 2022 alimkuta Mutahi Kagwe ofisini, akafundishwa chini ya Susan Nakhumicha, akafanya mitihani chini ya Deborah Barasa, akamaliza chini ya Aden Duale. Mawaziri wanne kwa diploma moja. Mimi naliona kama somo la ziada lisilotozwa karo: binti anajifunza mapema kwamba katika wizara hii asiyeondoka ni yule wa chini kabisa.

Sasa SHA. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, na mapema mwaka uliofuata maafisa wa kliniki wakawa wanalalamika kwamba mfumo mpya haukuwatambua kama watu wa kuidhinisha matibabu ya mgonjwa. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Serikali inamsomesha mtu, inamwekea mtihani, inamsajili, inamtoza leseni, inamkabidhi wodi usiku, halafu kompyuta yake inamuuliza wewe ni nani. Mgonjwa analia, daktari mmoja wa zamu yuko ukumbi wa upasuaji, na mtu aliyesoma miaka mitatu pamoja na mwaka wa bure anatafuta mtu mwingine wa kumbofyia kitufe. Hata hivyo, mwezi ulipoisha, ile asilimia 2.75 ilimtambua bila shida yoyote.

Wala msiniambie tena pesa hazipo. Mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika, Kenya ikiwemo, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ina umri wa kumzidi binti yetu. Yeye amezaliwa, amechanjwa, amesoma shule ya msingi, amefanya KCSE, na ahadi ingali inajiandaa kutembea.

Mnaweza kushangaa kwa nini, baada ya hesabu zote hizi, kamati haikununua pikipiki. Tulipiga kura, na diploma ilishinda. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kihesabu. Mzee mmoja alisema mkewe alinusurika kwa sababu ya kijana wa kliniki aliyemtazama macho akajua si malaria, akampakia kwenye teksi kwenda Mbagathi bila kuomba pesa kwanza. Mwingine alisema wajukuu wake wote wamepimwa na watu wa kazi hii, na hajawahi kukutana na bingwa isipokuwa kwenye televisheni. Ndivyo mambo yalivyo. Faida ya diploma hii ipo, tena ni kubwa mno. Ila inakwenda kwa mgonjwa, kwa mwenye kliniki, kwa kaunti, na kwenu ninyi mnaoisoma kwenye ripoti za mwisho wa mwaka. Anayelipa ni mama mboga na anayengoja ni mtoto wake. Katika daftari langu hilo nimeliandika kwa wino mwekundu, kwa kuwa sina jina la mkopo usio na riba, usio na mkataba, ambao maskini anaikopesha serikali.

Basi ombi letu ni dogo. Hatuombi 206,000. Tunaomba mwanagenzi wa diploma alipwe kwa mwaka wake wa kazi kiasi cha kumtosha chumba, chakula na nauli, kipangwe kwenye bajeti kama mnavyopanga mafuta ya magari yenu, na kifike kila mwezi bila mtu kulala nje ya lango. Tunaomba pia tarehe: akifuzu mwezi huu, anapangiwa hospitali mwezi gani. Kama yote mawili hayawezekani, basi angalau iandikwe kwenye barua ya kumwita chuoni, juu ya ile nambari ya akaunti, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: mwaka wa nne mtagharimia wenyewe. Mfanyabiashara wa Gikomba huonyesha tundu la shati kabla hujalipa.

Wazazi wenzangu mnaosoma barua hii mkiwa na barua kama yetu mkononi: lipeni karo, msiwakatize watoto. Lakini wekeni akiba ya Sh144,000 pembeni kuanzia leo, na mbunge wenu akija kwenye harambee kutoa bahasha, msiipokee kabla hajawajibu mbele ya watu atakavyopiga kura bajeti ya wanagenzi itakapofika Bungeni.

Wenu mtiifu,

Mweka Hazina,
Kamati ya Karo,
Riruta Satellite, Nairobi.